Tuache Kuandikia Meza ya Mahojiano

Vijana wenzangu, pamoja na nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma kimyakimya bila kuacha hata alama ya kidole, salamu kutoka Nsambya. Leo sina maneno matamu. Kama bando limebaki kidogo, hifadhi hii uisome jioni, ni ndefu.

Nimekaa nimesoma yote tuliyoweka hapa tangu mwaka uanze. Hadithi, mashairi, ushuhuda, yote. Nimekuta kitu kimoja ambacho kinanikera mpaka sasa. Karibu kila andishi linaanza hivi: mimi ni mkimbizi kutoka Kongo (au Burundi, au Sudani Kusini), nililazimika kuacha nchi yangu. Halafu unafuata usiku wa risasi. Halafu njia ya miguu, mpaka wa Bunagana, Nyakabande, lori mpaka kambini. Halafu shida za Uganda. Halafu mstari wa mwisho: lakini sijakata tamaa, kesho yangu ni nzuri. Ukifunika jina la mwandishi kwa kidole, huwezi kujua huyu ni nani na yule ni nani. Watu waliotoka vijiji tofauti, wenye mama tofauti, wanaocheka tofauti, wote wameandika ukurasa mmoja.

Sisemi wamedanganya. Mengi ya hayo nimeyapitia mimi mwenyewe, najua ni kweli tupu. Ninachosema ni kwamba bado hayajawa maandishi. Ni mahojiano.

Ile meza sote tunaijua. Unakaa. Upande wa pili kuna afisa, mkalimani na kompyuta. Wanakuuliza jina la kijiji, tarehe, walikuwa wangapi, walivaa nini, ulikimbia na nani, mbona hukukimbilia mji wa karibu. Baada ya miezi wanakuita tena, wanauliza yaleyale, kuona kama utayarudia sawasawa. Basi unajifunza. Unajifunza kusema habari yako kwa njia moja tu bila nyongeza, maana nyongeza inaleta swali, na swali linaleta mashaka. Ukisema redio ilikuwa inaimba, watauliza redio gani na wimbo gani. Afadhali kuiacha redio. Ukisema bibi alicheka ile siku, watashangaa: alicheka? Afadhali bibi asicheke.

Kwa faili hiyo ni sawa kabisa. Faili ina kazi yake na tarehe zina kazi yake, na mtu asinielewe vibaya akaenda kupamba ushuhuda wake kule ofisini. Tatizo ni kwamba tumeshatoka pale mezani miaka mingi, wengine vitambulisho vya ukimbizi vimechakaa mfukoni, na bado tukishika kalamu tunaandika kama afisa yuko mbele yetu ameshika kidevu. Tunaogopa kutoaminiwa. Kila kisichofaa kuwa ushahidi tunakitoa. Tunaizima redio, tunamnyamazisha bibi. Na redio pamoja na bibi ndivyo nilivyotaka kuvisoma.

Sasa niseme ninachotaka. Kila mtu ana kitu kimoja ambacho watu wa nyumbani wamechoka kumsikia akikizungumzia. Kwetu tunasema "ule ugonjwa yake ni mpira, hakuna dawa." Mwingine ugonjwa wake ni pikipiki, mwingine ni nywele, mwingine ni bei ya ndakala, mwingine ni Biblia ya marehemu babu yake. Hakuna aliyemuuliza, lakini ukikaa naye dakika kumi atafika hapohapo. Mimi nasema andika hicho. Andika kile kichaa chako. Vita vitakuja vyenyewe, hata usipoviita vitaingia kwa mlango wa nyuma, na vikiingia hivyo vinauma zaidi.

Nitoe mfano wa mtu wa kundi letu. Jina silitaji, atajijua na atanitukana. Huyu kaka ugonjwa wake ni TP Mazembe. Mwamshe saa tisa ya usiku umuulize habari za Desemba 2010, atakwambia bila kupangusa macho. Kwamba Mazembe ya Lubumbashi ilikuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu. Kwamba waliitoa Pachuca ya Mexico 1-0, wakaitoa Internacional ya Brazil 2-0, Kabangu na Kaluyituka wakifunga. Kwamba kule Abu Dhabi kwenye fainali Inter Milan iliwachapa 3-0, na bao moja lilifungwa na Samuel Eto'o, Mwafrika mwenzetu, jambo ambalo huyu kaka hajalisamehe hadi leo. Na kipa Kidiaba! Kidiaba ambaye timu ikifunga alikuwa anakaa chini na kurukaruka uwanjani kwa makalio, mikono mbele, kama mtoto anayecheza gari.

Shirika moja lilituletea warsha ya uandishi ya siku mbili. Shirika gani, acheni. Tulipewa karatasi yenye sehemu za kujaza: Zamani nilikuwa, nukta nukta. Nilipoteza, nukta nukta. Sasa natumaini, nukta nukta. Kaka yetu akajaza kwa adabu. Sentensi tisa. Alitoka nchi gani, alipoteza nini, anatumaini kuwa daktari (mimi namjua, damu ya kuku tu inamshinda). Mazembe hamna. Wakati wa chai akasimama na kikombe, mtu mmoja akataja mpira, basi. "Ulionaka vile Kidiaba alikuwa anaruka na matako? Batu bote ba kibanda balianguka chini!" Chumba chote kikageuka. Mwezeshaji mwenyewe aliacha kupanga karatasi zake akasikiliza. Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Nikamwambia, kaka, andika hiyo. Akanitazama kama nimemtukania mama. "Mambo ya mpira njo ya kuandika? Bazungu watasema nini?"

Hapo ndipo pabaya. Tumeamini kwamba kuna sisi wa chai, wenye vichekesho na vichaa vyetu, na kuna sisi wa karatasi, wakimbizi rasmi. Na kwamba wa karatasi tu ndiye anayeruhusiwa kuandika.

Najua mtasema: huyu wa senior four anatufundisha nini? Sawa, mimi niacheni. Mtazameni mzee Abdulrazak Gurnah. Amezaliwa Zanzibar mwaka 1948. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mambo yakawa magumu, akaondoka akiwa kijana wa umri wetu, akafika Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Akaanza kuandika kule akiwa kwenye ishirini na kidogo. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1987. Hesabuni wenyewe hiyo miaka, nyinyi mnaoniandikia saa sita ya usiku kuuliza mbona shairi lenu halijapata watu wa kulipenda. Hadi 2020 alikuwa na riwaya kumi, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobeli. Riwaya kumi, na karibu zote zinazunguka palepale: mtu aliyeondoka, nyumba iliyobaki nyuma, aibu, mambo ambayo familia haiyataji mezani. Ni mtu aliyeshikwa na jambo moja, na kila kitabu ameliingia kwa mlango mwingine.

Ile riwaya yake inayoitwa By the Sea, ya 2001, inatuhusu sisi moja kwa moja. Mzee mmoja anaitwa Saleh Omar anatua Gatwick kuomba hifadhi. Pasipoti yake ina jina la mtu mwingine, na ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza. Afisa anapekua mkoba wake anakuta kijisanduku cha mbao, ndani yake kuna udi. Afisa anakichukua. Sasa fikiria ungekuwa ni wewe umejaza ile karatasi ya nukta nukta. Ungeandika: niliomba hifadhi, nilihojiwa, ilikuwa ngumu. Gurnah haendi huko. Anakaa na ule udi. Udi ulitoka wapi, aliyempa ni mfanyabiashara gani, aliyekuja na pepo za msimu, harufu yake ikoje. Saleh Omar alikuwa na duka la fanicha huko kwao, basi tunapata fanicha pia, meza na mbao na mikono iliyozishika. Na kwa kupitia udi na fanicha tunafika kwenye deni, kwenye nyumba iliyogombaniwa, kwenye gereza. Ukimaliza unajua mtu huyu amenyang'anywa nini. Meza ya mahojiano imo ndani ya kitabu, lakini haikupewa kitabu chote.

Halafu kuna mwenye mji huu huu wa Kampala, Okot p'Bitek. Mwacholi wa Gulu. Wengi hawajui kwamba alikuwa mchezaji mpira mpaka timu ya taifa. Mwaka 1956 alikwenda Uingereza na timu, wenzake wakarudi, yeye akabaki kusoma. Lakini kichaa chake kikubwa kilikuwa nyimbo za kwao. Alizifuata mpaka chuo cha Oxford, akaandika tasnifu juu ya fasihi simulizi ya Waacholi na Walango. Mwaka 1966 akatoa Song of Lawino: mwanamke wa kijijini anamlalamikia mume wake aliyesoma ambaye amechukua mwanamke wa kisasa. Lawino hatoi hotuba ya ukoloni. Anasema juu ya jiko la stovu ambalo linamwogopesha, nywele, ngoma, saa ya ukutani ambayo mume anaiabudu. Mambo ya nyumbani kabisa. Na mpaka leo hiyo ndiyo inayosomwa, wakati hotuba nyingi za miaka hiyo zimeliwa na mchwa. Okot aliongoza pale National Theatre tunapopita kila siku tukienda mjini, halafu baadaye naye akalazimika kuishi Kenya miaka mingi. Kwa hiyo habari ya kuishi nchi ya watu aliijua.

Nawageukia sasa wafanyakazi wa mashirika. Nimejitolea Nakivale miaka mitatu, nimebeba madaftari yenu, nimetafsiri mikutano yenu, najua wengi wenu mna moyo safi na mnachoka kama sisi. Lakini karatasi zenu zinatuua. Mkija kututafutia "hadithi ya mafanikio" mnakuwa mmeshaiandika kabla hamjashuka kwenye gari. Mnataka kijana aliyeteseka vya kutosha na anayetabasamu vya kutosha. Mkimkuta dada anayeongea habari ya bitenge nusu saa mnamwambia kwa upole, "tuongee safari yako." Dada, ilikuwa safari! Hamkumwacha amalize.

Na sisi tumewasoma. Tunajua uchungu una bei. Kijana wa miaka kumi na saba ameshajua ni sehemu gani ya habari yake inamfanya mgeni atoe kitambaa, na anaiongeza sauti hapo. Hilo linaniogopesha kuliko njaa. Anaanza kumtazama baba yake aliyekufa kama mtaji. Sitaki kusema zaidi juu ya hilo, lakini nimeliona kwa macho.

Kuna wanaonipinga. Mmoja aliniandikia: kaka, watu wamekatiwa chakula kambini, sisi wa mjini hatupewi hata kilo ya posho, kodi ya nyumba inadaiwa, wewe unatuambia tuandike Kidiaba? Nimelifikiria hilo swali siku nyingi, si la kutupa. Sheria ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kuishi mjini na kufanya kazi, na maana yake halisi ni kwamba ukija Kampala ujitegemee. Njaa ipo. Lakini huyu ndugu anadhani nikiandika "tuna njaa" nimeandika njaa. Hapana. Neno "njaa" limeshaandikwa kwenye kila ripoti, na msomaji ameshajifunza kulipita kama mbao za matangazo ya Entebbe Road. Kuna mama jirani yangu hapa ugonjwa wake ni kupima. Anapima unga kwa kikombe kimoja cha plastiki cha rangi ya chungwa alichotoka nacho kambini, na anajua kikombe hicho kikijaa ni watu wangapi, kikifika kwenye mpasuko ni watu wangapi. Jioni nyingine namsikia anafunika sufuria kwa kelele ili majirani wajue amepika. Kikombe na kelele ya mfuniko, hiyo ndiyo njaa ya Nsambya. Mtu aiandike. Yeye hataki, amesema hana muda wa upuuzi wangu.

Mwingine ananiambia: lakini mimi vita ndivyo vinavyonisumbua, ndicho kichaa changu, nalala navyo. Basi viandike, nani amekukataza? Ila ukitazama vizuri utakuta si "vita" vinavyokusumbua. Ni kitu kimoja ndani yake. Mlango uliosahau kuufunga. Sauti ya mtu mmoja aliyekuita jina la utotoni. Hicho kimoja ndicho chako, vita vyote kwa jumla tuwaachie wanahabari.

Na kabla hamjakimbilia simu zenu, si kila kinachorudiwarudiwa ni kichaa. Yale mashairi ya "wewe ni ua la moyo wangu, nyota ya usiku wangu" ambayo yametujaza hapa tangu Februari, samahani wapendwa, huko ni kunakili. Kichaa cha kweli kina majina. Yule kaka wa pikipiki anayefanya kazi karibu na Kisekka hasemi "napenda pikipiki." Anasema kabureta hii ni ya kopi, anaijua kwa uzito tu mkononi. Mwenye kichaa anaona tofauti pale ambapo sisi wengine tunaona kitu kimoja. Kama huoni tofauti bado, tafuta kitu kingine, au rudi ukitazame tena.

Lakini huyohuyo kaka wa pikipiki aliniletea kurasa nne za vipuri na bei zake, nikamwambia ukweli kwamba hiyo ni orodha. Nzuri, mimi niliifurahia, lakini ni orodha. Kichaa peke yake hakitoshi. Kuna kazi baada ya hapo, na ndiyo kazi tunayoikwepa.

Niwaambie jinsi ilivyokwenda kwa kaka wa Mazembe, maana mwishowe aliandika, ilichukua kama miezi miwili. Mara ya kwanza aliandika matokeo yote. Tukachoka kusikiliza. Nikampeleka akamsomee dada mmoja hapa ambaye hajui mpira hata kidogo, anadhani offside ni jina la mchezaji. Huyo dada akamuuliza maswali ambayo sisi wenye kujua hatuwezi kuuliza. Ulikuwa wapi? Nani alilipa kiingilio? Kibanda kilikuwa na viti? Kaka akaanza kujibu. Alikuwa na miaka saba, Goma. Kibanda cha mbao, jenereta nje inakohoa. Kaka yake mkubwa ndiye alilipa, na kwa kuwa watu walijaa, kaka mkubwa alimbeba mabegani mechi nzima. Alikuwa anaona juu ya vichwa vyote. Bao la pili dhidi ya Wabrazili kaka mkubwa aliruka, yeye akagonga kichwa kwenye boriti, bado ana alama.

Dada akauliza, kaka yako yuko wapi sasa? Akanyamaza. Sisi tunaomjua tunajua jibu, na nyinyi mnaotoka kule mnaweza kulikisia.

Alikwenda nyumbani akaandika tena. Safari hii aliandika kitu ambacho sikutegemea. Anasema anawakumbuka wachezaji wote kumi na mmoja, namba zao, nani alitoka na nani aliingia. Lakini hakumbuki kaka yake alivaa shati la rangi gani usiku ule, kwa sababu alikuwa amekaa juu yake, hakuwa anamtazama. Miaka yote hii anarudia ile mechi, kwenye simu za watu, kwenye vibanda vya Katwe, akidhani anamtafuta Kidiaba. Aliposoma hiyo sehemu hakuna aliyepiga makofi. Mtu mmoja alitoka nje. Na kwenye kurasa zote tatu hakuna neno "mkimbizi," hakuna "vita," hakuna "matumaini." Hakuyaepuka kwa makusudi, hayakupata nafasi tu.

Mnaona alichofanya? Alikifuata kichaa chake mpaka mahali ambapo kichaa chenyewe kinaficha kitu. Maana kichaa kinafanya kazi hiyo, kinafunika. Mtu anayehesabu, mara nyingi kuna kitu kimoja hataki kukihesabu. Huko ndiko kalamu inatakiwa kufika, na huwezi kufika kwa kuruka, lazima upitie mabao yote.

Na mkifika muwe waangalifu. Sijifanyi daktari. Kama mahali penyewe pana moto mkali, rudi nyuma, funga daftari, ongea na mtu unayemwamini kwanza. Maandishi yatasubiri. Hakuna anayekudai.

Yule dada wa bitenge naye ameanza. Yeye na shangazi yake wanapita na bitenge kichwani kuanzia Kansanga mpaka Kabalagala, mlango kwa mlango, jua na mvua. Kichaa chake ni majina ya vitambaa. Mnajua wamama wa kwetu hawanunui "kitenge cha bluu," kila chapa ina jina, kuna ya mume anayeweza, kuna ya jicho la mke mwenza, na jina likiwa zuri kitambaa kinauzika hata kama rangi ni mbaya. Dada anayajua majina kama mchungaji anavyowajua ng'ombe wake. Ukurasa wake wa kwanza ni majina hayo na maneno ambayo shangazi anatumia kumnasa mteja, na nawaambia, nilikuwa nasoma nacheka peke yangu kwenye teksi. Halafu kuna kitambaa kimoja chini ya furushi ambacho shangazi anakibeba kila siku na hajawahi kukiuza. Mteja akikiona na kukitaka, shangazi anataja bei ya kichaa ili aondoke. Dada hajui kwa nini. Nilimwambia amuulize. Akaniambia, "Kaka, nikimuuliza nitajua." Akaandika hivyohivyo, kwamba hajauliza, na kwamba kila asubuhi anakikunja kitambaa hicho kwanza ili kikae chini. Kwangu hilo ni andishi bora kuliko yote ya mwaka huu, na halijaisha.

Kuhusu lugha, msisumbuke na wanaosema Kiswahili chetu cha Kongo ni kibovu. Kaka wa Mazembe aliposahihisha mazungumzo ya kibanda yakawa Kiswahili cha darasani, kibanda kikafa palepale. Tukarudisha "batu bote" mahali pake. Gurnah mwenyewe aliandika kwa Kiingereza, na ilipofika 2022 ndipo Paradise yake ikatoka kwa Kiswahili, Peponi, imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Dunia ilisubiri miaka ishirini na nane kitabu kirudi kwenye lugha ya nyumbani kwake. Sisi tuko nyumbani kwenye lugha tayari, tunaogopa nini?

Basi. Jumamosi saa nane mchana tunakutana palepale, nyuma ya kanisa. Kila mtu alete kurasa mbili juu ya kile kitu ambacho watu wa kwake wamechoka kukisikia. Atakayeanza na "mimi ni mkimbizi" tutamwomba aanzie sentensi ya pili. Wafanyakazi wa mashirika mnakaribishwa, ila kalamu na fomu ziachwe kwenye gari, na mkae nyuma na wengine kwenye mabenchi. Chai ipo, mia tano kikombe, na kaka wa Mazembe hatasoma wiki hii kwa sababu amesema bado hajamalizana na Eto'o.